Dakika ya Arobaini na Moja

Nimeifunika skrini kwa kitenge.
Sitaki kuona farasi, sitaki kuona mto,
wala yule askari anayerudi kwao na kiatu kimoja.
Filamu hii nimeitazama mara tatu, na mara zote tatu
nimelia mahali palepale.
Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nina haki ya kujua
nani aliyenifinya.

Tukuyu, saa mbili usiku. Mvua
inapiga bati bila kuhesabu,
nangoja ipungue ndipo nibonyeze.
Mezani daftari la hesabu la Lugano, kurasa za nyuma,
kalamu nyekundu, spika ya kuazima.

Dakika ya kwanza: fidla moja peke yake.
La, do, ti,
na hapo kwenye ti inakaa, mguu mmoja hewani,
haikanyagi la.
Naandika: swali. Nafuta.
Naandika: mtu mlangoni.

Dakika ya tisa: wimbo uleule, safari hii zumari,
na chini yake chelo zinavuta nota moja ndefu
kama watu wawili wanaokamua blanketi.

Ya ishirini na mbili, vita. Ngoma za shaba,
tatu juu ya mbili, tatu juu ya mbili,
mapigo yanakanyagana visigino.
Tarumbeta zimezibwa midomo,
nyuki ndani ya debe.
Hapa sikuguswa. Hapa mtunzi anapiga kelele
kwa sababu picha inapiga kelele.
Nampa sita kwa kumi.

Dakika ya arobaini na moja.
Askari amefika uani (nakumbuka, kitenge au bila kitenge),
kuku wamemkimbia.
La, do, ti, fidla zote sasa,
alto na tena zimeshikana mabega,
nami nimekaa tayari, kalamu mkononi, nimshike mwizi.
Nikarudisha. Nikarudisha tena.
Sikuona kilichoongezwa.

Jikoni mama anakaanga ndizi.
Filamu hii hajaiona, hajui kama kuna askari.
"Hapo," anasema bila kugeuka, "wametoa besi."

Kweli.
Wimbo umebaki juu kama nguo kambani
baada ya wenye nyumba kuhama.

Miaka thelathini na moja baba yangu, Asangwile,
alipuliza besi la shaba katika bendi ya kanisa.
Alfajiri ya Pasaka, ukungu mpaka magotini,
tulisimama makaburini tukiwapulizia wafu habari,
na besi lake nililisikia kwa nyayo
kabla ya masikio.
Pasaka iliyofuata kifo chake hapakuwa na wa kulibeba.
Tulipiga sauti tatu. Hakuna aliyekosea nota.
Watu wakasema, leo mmepiga vizuri.
Mama alirudi nyumbani kabla ya amina.

Naandika: besi, dakika ya 41, imetolewa.
Nataka kuandika na kwa nini,
kalamu inazunguka pembeni ya ukurasa,
inagusa hesabu za Lugano za kugawanya,
zile zenye baki.

"Rudisha," anasema mama.
Narudisha.
La, do, ti,
naye, mwiko mkononi, anaimba kule chini
pasipo na mtu:
la,
fa,
mi,
kwa sauti yake ya kike, oktava nzima juu
ya pale baba alipopaacha,
na ile ti, baada ya usiku mzima,
inapata pa kukanyaga.

"Tena," anasema.
Mvua imerudi. Chini ya kitenge
askari anaingia nyumbani, au haingii,
na ndizi zinaungua.